Kibarazani kwa Bi Mkasi

Siku ya kwanza mama alitwanga karafuu,
akaishindilia penye gego la chini, kulia,
akasema jino ni mgeni asiye adabu:
ukimnyima maneno ataaga mwenyewe.
Siku ya pili, maji ya chumvi.
Siku ya tatu shavu limejaa, linang'aa,
jicho limekuwa tundu la kifungo,
na mama, ambaye sauti yake
hufukuza kuku wa nyumba ya tatu,
akaandika kwa kidole juu ya unga:
usimwambie mtu.

Nilimwambia Shaame wa kituo cha afya.

Hapa Kisiwa Panza bahari ilichafuka tangu Ijumaa,
boti ya Mkoani imefungwa kamba.
Shaame akaja na simu ya kazi,
akaizungusha uani kama atafutaye kibla.
Mstari mmoja. Hakuna. Mstari mmoja. Hakuna.
"Mtandao," alisema, akaona haya kumalizia,
maana kisiwa kizima chajua unakokaa:
kibarazani kwa Bi Mkasi, nguzo ya kushoto,
Bi Mkasi ambaye mama hajampa salamu
tangu mambo ya yule mbuzi, mwaka juzi.

Meno ya mbwa hayaumani, watu walisema.
Yaliumana.

Tulikwenda baada ya isha, mama kajitanda kanga mpaka machoni.
Bi Mkasi alitazama shavu, hakutazama mtu.
Akakung'uta mkeka. Akaleta kijiko. Akaleta tochi.
Kwenye kioo, kutoka Unguja, Daktari Nunuu,
uso ukikatikakatika, sauti ikiutangulia mdomo:
"Bi Mize, fungua. Vidole viwili vinaingia?
Mate unameza? Ukilala unapumua vyema?
Shaame, papasa chini ya taya, pamekaza?
Mwenye tochi, sogea. Bonyeza ulimi. Hapo hapo."

Mwenye tochi alikuwa Bi Mkasi.
Mkono uliowahi kumwaga maji machafu juu ya ua wetu
ulishika kijiko kama unaolisha mtoto;
na kinywa cha mama, kilichomwita mwizi
mbele ya harusi ya watu,
kilikuwa wazi mpaka kwenye kilimi,
chekundu, kinatetemeka,
na pembeni ya gego uvimbe,
kichwa chake cheupe kama punje ya mchele.
"Usaha," alisema daktari. Picha ikaganda.
Tukaganda nayo.

Iliporudi alikuwa anauliza penisilini,
kama iliwahi kumdhuru. Mama akatikisa kichwa.
Amoksilini basi, na metronidazoli, siku tano;
karafuu ikome, inaunguza fizi.
"Lakini nisikilizeni. Vidonge vinafukuza moshi,
moto uko kwenye mzizi. Bahari ikitulia
mleteni Chake Chake, jino litoke.
Akishindwa kumeza, uvimbe ukishuka shingoni,
msingoje bahari. Pigeni, saa yoyote."

Usiku ule Bi Mkasi hakukomea mlango.
"Simu isije ikakosa mtandao,"
alimwambia Shaame, si mama.

Jumatano tukavuka. Gego lilirudi ndani ya karatasi,
mizizi miwili, mmoja mweusi.
Mama alilitazama sana,
kama mtu aliyeletewa risiti.

Wiki iliyofuata, shavu liko mahala pake,
nilimkuta amesimama penye nguzo ya kushoto
na mkononi hana simu.
"Hodi."
Ndani kimya, kama ile picha.
"Karibu," ikajibu sauti.
"Lakini mbuzi alikuwa wangu."