Lehemu

Usiniulize kwanza kama inaongea.
Redio ya gari huulizwa hilo mwisho;
kwanza huulizwa imezaliwa na nani.

Bwana Kihiyo ameleta Pijo la marehemu baba yake
kutoka Chumbageni hadi mlangoni kwangu, Barabara ya Nane,
watoto wanne wakisukuma, yeye kakamata usukani,
shati limenyooka kama la mtu anayekwenda kuposa.
Kuna mnunuzi Arusha. Anataka neno la fundi:
kila kitu cha kiwandani, la sivyo bei ishuke nusu.

Haya. Bisibisi.

Vifundo viwili, rangi ya jino la mvuta kiko.
Cha kushoto kina mistari yote, kikali, kizima.
Cha kulia kimesagika upande mmoja,
na hicho ndicho cha kweli:
kidole gumba cha karani wa mkonge, miaka na miaka,
kikiitafuta taarifa ya habari saa mbili usiku.
Cha kushoto kimetoka kwenye jiko.
Kihiyo anakohoa. Mimi naandika.

Napitisha mkono nyuma ya dashibodi.
Fuata waya, usifuate maneno ya mwenye gari.
Skrubu tatu za bisibisi bapa, wenyeji;
moja ya nyota, mgeni.
Vumbi nyuma ya spika ni jeupe, lina nyuzi,
vumbi la katani, halikuja jana.
Nambari ya kwenye bati inakubaliana
na karatasi aliyoikunja mara nne mfukoni.
Redio ni yake. Kihiyo anatabasamu mapema.

Eriali sasa. Madigadi ya kushoto.
Nalegeza nati, nainua mpira uliokakamaa.
Tundu la kiwandani lina ukingo laini,
rangi imeingia mpaka ndani;
tundu la mtaani lina meno.
Hili lina meno.
Na chini ya mpira, duara la buluu, buluu ya wino.
Kumbe gari halikuzaliwa jeupe.
“Baba alisema lilikuja hivi hivi.”
Baba husema.

Kisha waya, pale ulipokatika ukaungwa,
na hapo mkono wangu ukasita.

Kila fundi ana lehemu yake, kama mwandiko.
Ya Fundi Somji ilikuwa tone, dogo, linang'aa.
Hii ni donge la kijivu, limepoa kabla ya kuiva,
lina mkia wa panya.
Naujua mkia huo.
Nilikuwa na miaka kumi na tatu, juu ya kreti ya soda;
Somji kaenda jamatini, kaacha chuma kina moto,
kasema, binti, usiguse.
Niligusa.
Mteja mrefu, kidole gumba kipana, akangoja barazani,
akajaribu, akasikia alichotaka kusikia,
akanipa shilingi
na hakunisemea.

Nimemwandikia mwanawe bila kupunguza:
redio yake, kifundo cha jiko, eriali ya kupachika.
Kwenye mstari wa lehemu kalamu ikagoma kidogo.
Nikaandika: ya Tanga.

Amesoma mara mbili. Midomo imehesabu hasara.
Halafu akauliza lile nililomkataza.

Nikaunga betri.
Mvumo kwanza, kama vitumbua vinakaangwa nyumba ya pili,
kisha, mbali, sauti ya mwanamke
akisoma bei ya mahindi.
Wale watoto wanne wakaacha kupigana.