Pungufu, Mia Mbili

Shule yetu pale Igombe ilikuwa na madirisha yasiyo na vioo.
Upepo wa ziwa uliingia na harufu ya dagaa walioanikwa,
na ukutani, kwa rangi ya bluu iliyobabuka:
UAMINIFU. BIDII. HESHIMA.
Tuliyakariri kama jedwali la saba.

Mwalimu Kwandu hakuyagusa.
Aliweka tu kopo la maziwa ya unga juu ya kabati,
kalamu kumi na mbili, na kikaratasi:
"Moja mia mbili. Chukua, lipa."
Kisha akaenda zake kufundisha la tano.

Ijumaa akamwaga sarafu mezani,
akazihesabu kwa sauti, polepole,
kama anayechambua chuya.
Fimbo ilikuwepo, palepale nyuma ya mlango.
Hakuitazama.
Akaandika kwenye kona ya ubao: pungufu, 200,
akaendelea na sehemu: nusu, theluthi, robo.

Kila asubuhi wa zamu alifuta vitenzi,
alifuta ramani, alifuta tarehe.
Ile namba hakuna aliyethubutu.
Hata mimi. Hasa mimi,
wiki ile ya zamu yangu, kitambaa kikinilowa mkononi,
Ngolo akiniuliza, "Mbona kona unairuka?"

Ripoti ya muhula ikaja.
Usafi: A. Ushirikiano: B.
Uaminifu: hapakuwa na herufi,
ila nukta moja ya wino, kama mtu aliyetaka kuandika
akaitwa nje.
Mama, ambaye hakujua kusoma, aliibandika sebuleni
kando ya kalenda ya kiwanda cha samaki.
Kila mgeni alionyeshwa.

Muhula uliofuata nilikwenda na sarafu ndani ya soksi.
Nikakuta mwalimu mwingine
na ubao uliopakwa rangi upya.
Kwandu, wakasema, kahamishiwa Ukerewe.

Leo napima sangara mwaloni Kayenze.
Wenzangu wana vidole vyepesi chini ya sahani ya mizani,
na mabati ya nyumba zao yana rangi.
Sisemi mimi ni bora.
Kuna siku kidole changu kimeshafika,
kimegusa chuma, chuma kina baridi,
mshale unatetemeka,
na mteja anahesabu noti, wala haangalii.

Ninakitoa.
"Subiri, mama," namwambia. "Tupime tena."