Safu ya Maelezo

Bwana Ulanbek, ofisi ya mipango ya mkoa,
nimepokea barua yako na mhuri wake wa buluu.
Unauliza kuhusu kiwanja namba mia moja na saba:
lengo, tani nne; mavuno, sifuri.
Unataka nieleze sababu ya upungufu
katika safu ya mwisho, kwa maneno yasiyozidi ishirini.

Nimeijaribu safu hiyo siku tatu.
Ni nyembamba. Maneno yanashuka humo moja moja
kama punje zinazovuja guniani.

Basi nakuandikia nyuma ya fomu, palipo na nafasi.

Ramani yako ilikuja Machi, theluji haijaachia mifereji.
Tuliitandaza mezani, Melis bwana shamba akaikandamiza
kwa mizani ndogo upande huu, birika la chai upande ule.
Ilikuwa nzuri, sikatai.
Bonde letu la Talas limepakwa rangi kama zulia la bibi harusi:
kijani, maharagwe; njano, shayiri; zambarau, viazi.
Mto umenyooka kama uzi.
Huku kwetu mto haujawahi kunyooka.
Ulituambia setilaiti imepiga picha,
kompyuta imepiga hesabu,
na sisi kazi yetu kupiga jembe.

Mpango siupingi. Nilikuwepo mwaka ule
kila nyumba ilipopanda maharagwe meupe mpaka mlangoni,
na mnunuzi wa Mersin akaacha kupokea simu.
Magunia yalilala vyumbani, sisi tukalala varandani.
Mama yangu, ambaye hajawahi kuyala kwa hiari,
aliyapika kwa kitunguu, kwa mafuta ya kondoo, kwa hasira.
Tangu hapo nina daftari: nani kapanda nini,
nani anadaiwa mbegu, nani ana zamu ya maji saa nane za usiku.
Asiyepanga hupangiwa,
na sisi tulipangiwa na bei.

Kwa hiyo mwezi wa nne tulishika njia, ramani mkononi,
Melis, mimi, na Asylkan mwenye trekta,
tukiitafuta kila namba ardhini.
Mia moja na tano, sawa.
Mia moja na sita, sawa, ila mawe.
Mia moja na saba, tukasimama.
Asylkan akavua kofia.
Melis akasema, "Soma tena."
Nikasoma tena: kijani. Hekta mbili.
Udongo wa daraja la kwanza,
haujalimwa miaka mingi, rutuba yake haijaguswa.

Rutuba ipo, Bwana Ulanbek. Kwa hilo kompyuta haikukosea.
Yumo baba yake Melis, aliyempa mwanawe jina
lililoshonwa kwa herufi za kwanza za wakubwa wanne.
Yumo mwalimu aliyetufundisha kugawanya.
Wamo watoto wa mwaka wa surua, mstari mfupi.
Yumo kaka yangu Temirkul,
aliyekuwa na zamu ya saa nane za usiku
mpaka baridi ikamwingia kifuani.

Tulipima hata hivyo. Asylkan alisema kazi ni kazi.
Tulipata hekta mbili na robo.
Hiyo robo imeongezeka
tangu picha yako ilipopigwa.

Sikuombi uifute rangi; najua fomu ikishapita mkoani
haina mlango wa kurudi.
Ila mwakani, kabla hujapaka, njoo.
Vaa viatu vya kukanyagia tope.
Nitakuonyesha mto unapokata kona,
na shamba la Asylkan linalogoma kila mwaka wa pili
mpaka tulibembeleze kwa majani ya ng'ombe,
na nusu hekta nyuma ya shule, isiyo na namba wala rangi,
iliyotupa tani moja ambayo hukuiuliza.

Safu yako nimeijaza. Melis ameshuhudia:
*Kiwanja kimepandwa. Mavuno yake hayako chini ya ofisi ya mkoa.*
Hayo ni maneno kumi.
Yaliyobaki, tumia wewe.

Burulcha, meneja wa ushirika