Majivu kwa Mkorosho wa Tisa

Juni, Nanhyanga, alfajiri,
upepo haujaamka, umande ungali majanini,
Bakili anavuta kamba ya bomba mara nne.
Mara ya tano linakohoa,
linanguruma,
na shamba zima linajifunika kanga ya njano.

Mimi nashika tochi.
Salfa inaingia puani kama njiti iliyowashiwa kichwani.
Kope za njano. Mate ya njano.
Na ubwiri unga unakufa, hilo silikani:
maua yanashika, korosho zinajikunja
kila moja kama mkato katikati ya sentensi.
Bati za nyumba hii zilitoka kwenye mfuko ule.
Ada ya Fadhila pia.
Msinisikie vibaya.

Lakini nina kunde za aina mbili.

Za uani, nyuma ya jiko,
majani mapana, ukiyachuma yanaita,
yakichemka kidogo tu
mchuzi unashika kijiko.

Na za shambani, chini ya mikorosho:
mbegu ileile, kibuyu kilekile,
mvua ileile ya Januari.
Zilitoka ardhini kama zinaomba radhi.
Jani limepauka, mishipa tu ndiyo kijani,
ganda refu la kujivunia; lipasue:
punje tatu, na vyumba vitano havina mpangaji.
Kuni zinaisha, zenyewe hazijalainika.
Fadhila alitafuna, akasema,
"Mama, hizi zina ladha ya maji."
Huku juu, maji tunanunua kwa ndoo.
Sikujua nicheke au nimfinye.

Kliniki wananiambia: mpe mtoto kunde.
Hawaulizi kunde zipi.

Chilumba, bwana shamba wa kata,
alikuja na pikipiki na kichupa.
Akatia udongo wa uani, akatikisa:
kijani, kama chai ya mchaichai.
Akatia wa chini ya mkorosho wa tisa:
chungwa, halafu wekundu
kama kitu kilichoona aibu.
"Udongo umechachuka, mama."
"Kama maziwa?"
"Kama ndimu. Mmepuliza miaka mingapi?"
Nikahesabu kwa watoto, siyo kwa miaka:
wanne walio hai. Na yule mmoja.

Akasema chakula kimo humohumo ardhini
ila uchachu umekifungia, mzizi haukipati.
Hapo nikamwelewa upesi:
kama korosho zetu ghalani.
Zipo. Zimeandikwa. Na mfukoni hamna kitu.

Miaka yote nilidhani ardhi ni sahani,
cha juu unakula, cha kumwagika unafuta.
Kumbe ni tumbo,
na lilikuwa linameza kila tulichopuliza.

Usiku nikamwambia Bakili.
Akauliza kunde bei gani mnadani.
Nikageukia ukuta.
Kunde haina mnada,
ina sufuria tu.

Tangu hapo majivu ya jiko siyatupi jalalani.
Najaza debe, napeleka kwa mkorosho wa tisa,
nazunguka shina nikinyunyiza
kama anayelisha kuku asiowaona.
Chilumba alicheka: dawa ni chokaa, na kwa magunia,
majivu ni kijiko cha uji kwa tembo.
Nikamwambia tembo naye
alianza kwa kunyonya.

Januari nitafukia punje saba pale.
Labda zitatoka zilezile, zenye kuomba radhi.
Sijui. Udongo haunijibu,
na kichupa amerudi nacho.

Juni tutaingia tena shambani,
yeye na bomba, mimi na tochi:
wa saba, wa nane.
Tukifika wa tisa
nitasogeza mwanga pembeni kidogo,
nione kama ataupita.