Upande wa Kushoto

Ukuta wa Leven hauna bango.
Una chokaa iliyobanduka na mikwaruzo ya kucha
pale kila mguu ulipojishika kabla ya kuachia.
Mruko wetu tuliuita kunguru:
mikono nyuma, kifua mbele, roho mkononi.
Aliyeuanzisha ni Famau wa Kibokoni,
asiyejua kusoma ila maji.
Bamvua alilijua kwa harufu,
maji mafu kwa kuyatemea mate.

Kisha wakaja watu wa kinywaji cha nguvu,
kopo jembamba, rangi ya risasi.
Wakauliza jina la kundi letu.
Hatuna kundi, twaruka tu.
Wakatuandikia jina kwa herufi za radi,
wakatuvika fulana,
wakatuonya tusizivue hata tukirowa.
Na kunguru, wakasema, ni ndege wa jalalani,
mruko huu sasa ni Mfalme wa Pwani.

Siku ya kupiga picha jua lilipendeza saa tisa
na maji yalikuwa yametoka, mawe yameonyesha meno.
Ngojeni yapande, Famau akasema, baada ya magharibi.
Baada ya magharibi hakuna mwanga.
Mmoja akamwita mwoga.
"Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake,"
akavua fulana, akaikunja vizuri
kama ya kuazima,
akaiweka juu ya kasha la barafu
akenda zake kula viazi vya rojo.

Mimi niliruka.
Mara tisa, kwa sababu ile ya nane
kopo lilinigeuka mkononi, jina halikusomeka.
Kisigino hiki, tangu siku ile,
hujua mvua kabla ya mawingu.

Sasa niko Buxton, juu ya paa la duka la simu,
mita sita za hewa, mkavu.
Kovu la kidevuni wamelifuta.
Mamangu hupita chini yangu akienda Kongowea.
"Yule kijana mwana wa nani?" akaniuliza.
"Yuwaniangalia kama yuwanidai."

Leo kabla ya adhana ya alfajiri
maji ya bamvua yalijaa hadi ngazi ya tatu.
Nilikwenda peke yangu, kifua wazi,
giza la kutiwa kidole jichoni.
Mikono nyuma. Kifua mbele.
Nikaachia.

Na pale katikati, maji hayajanipokea,
nikahisi shingo yageuka yenyewe, taratibu,
upande wa kushoto,
ule waliosema ndio wenye sura.