Filimbi

Siku mbili walitufundisha, ukumbi wa kaunti, Kisumu,
chai saa nne, mandazi mawili kila mtu.
Bi Nerima akaandika ubaoni:
Usimshike ghafla. Usimlazimishe akutazame.
Sema jambo moja, nyamaza, hesabu hadi kumi.
Nikacheka kimoyomoyo. Miaka tisa mlinzi wa bwawa,
nani wa kunifunza kunyamaza?

Jumamosi akaja Okinda na shangaziye,
viganja masikioni.
Nilimjua. Mwaka jana nilimpulizia filimbi
kwa kulizunguka bwawa mara ishirini bila kuingia.
"Wewe! Si naongea na wewe?"
Akajikunja sakafuni kama jongoo,
watu wakatoa simu.

Leo filimbi iko kwenye droo ya tiketi.
Nikachuchumaa, si karibu sana, macho yangu majini.
"Ngazi iko hapa."
Moja. Mbili. Tatu.
Kumi ni mbali, jamani, kumi ni Maseno kwa miguu.
Nikafika. Nikaanza tena.

Akasema, akiyaambia maji:
"Vigae vya buluu mia tatu na sita. Kimoja kimevunjika.
Kinakata mguu."

Miaka tisa. Sikuwahi kukiona.

Nikaleta kamba na ndoo, nikapazuia.
Akaendelea kuzunguka,
nami nyuma yake, hatua sita, nikihesabu vigae,
nikipotea kwenye arubaini na kitu.

Hakuingia majini.
Shangazi alikuwa amelipa tiketi nzima,
na hilo Bi Nerima hakutufundisha,
nilirudishe vipi.