Inchi Ishirini na Mbili na Nusu

Baba kakaa kitini tangu alasiri,
kiyoyozi kinanguruma kama mgeni asiyetaka kuaga,
na mimi nimenyoosha mkono, jicho moja nimelifumba,
kalamu ya risasi wima mbele ya uso wake.
"Wanipima kama kiwanja," anasema.
Kweli, kama kiwanja:
mipaka kwanza, nyumba baadaye.

Kichwa kisikae katikati kabisa ya turubai,
kitaonekana kimepigwa msumari.
Kisishuke, kitazama.
Kisigonge juu, kitakuwa kinabisha hodi.
Acha hewa kidogo juu ya utosi,
na mbele ya macho uache zaidi,
maana mtu hutazama mahali, hatazami fremu.
Baba anatazama dirishani: paa la jirani,
tangi la maji, na mbali, nyuma ya Sib yote,
mlima mkavu, rangi ya mkate uliosahauliwa motoni.

Macho nusu ya njia
kati ya utosi na kidevu. Nusu kamili.
Hakuna aaminiye hili mpaka apime.
Sote twadhani uso ndio kichwa,
paji tunalifinya, utosi tunausahau,
tunachora watu wasio na pa kuweka akili.

Lakini Baba kavaa kofia,
nyeupe, ya viua, uzi wa zambarau iliyopauka;
hata fundi bomba hajapata kumwona bila hiyo.
Na mimi nataka kujua, chini yake
kichwa kinaishia wapi.
"Ivue, Baba, kidogo tu."
"Akili nywele, mwanangu, na zangu zimekwisha.
Unataka kumwonyesha nani?"

Basi nakisia.
Nachora, nafuta, nachora.
Nyusi mpaka ncha ya pua, ncha ya pua mpaka kidevu, sawa.
Sikio lipo baina ya nyusi na pua,
kubwa kuliko nilivyolikumbuka,
nami nalikumbuka vizuri: nilikuwa na miaka minne,
nimekaa mabegani, masikio yake ndiyo usukani,
tunapita katikati ya jodari wa soko la Sib.
Kichwa kile ndicho ninachompa.

Ananyanyuka, anaangalia, anacheka.
"Usinivishe kilemba cha ukoka.
Huyu nani? Waziri?"
Anarudi kitini. Baada ya muda, anasinzia.

Mama anaingia na sahani ya vileja.
Anaitazama turubai, anamtazama mumewe,
anaiweka sahani juu ya mkebe wangu wa rangi,
anakwenda ndani, anarudi na bati la nyuzi.
Uzi mmoja, zamani mweupe, sasa rangi ya chai.
"Huu aliuleta Shangazi Shinuna mpaka Mkunazini,
na posa mkono mmoja, uzi mkono wa pili.
Inchi ishirini na mbili na nusu.
Kichwa chake nilikijua kabla ya uso."
Ananionyesha fundo, gumu kama punje.

"Na hili jingine, Mama?"
Fundo la pili, ndani ya la kwanza,
upana wa ukucha. Bado jeupe.

Anamtazama tena, kama anasikiliza anavyopumua.
"Hilo la Shaabani," sauti chini.
"Zilikuwa zinamshukia masikioni.
Nazipunguza usiku, moja moja.
Yeye hajui."

Nachukua kitambaa, nakitia tapentaini.
Kwa kipimo cha turubai yangu
ukucha mzima hauzidi unene wa mstari.
Naufuta mstari, nauchora tena kwa ndani.
Utosi ukishuka, macho nayo hayabaki,
nusu ni nusu, hairehemu;
pua inafuata, sikio linafuata,
na juu yake hewa imeongezeka,
na sijui hewa ile niipake rangi gani.

Kiyoyozi kinazima chenyewe. Baba anafumbua jicho.
"Umemaliza?"
"Bado, Baba. Nakusogeza kidogo."